Jiwe, Nuru na Sumaku: Historia ya Perovskaiti na Fundisho Lake kwa Nchi ya Mara

Kila nchi ina historia mbili: historia ya watu wake, ambayo hukaa vinywani na vitabuni, na historia ya mawe yake, ambayo hukaa ardhini mpaka apatikane wa kuisoma. Katika mkoa wa Mara, wilaya za Tarime na Serengeti zimepakana na mawe ya namna mbili. Upande wa Tarime, chini ya vilima vya Nyamongo, imelala miamba mikongwe yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, na ndani yake mna dhahabu. Upande wa Serengeti, nje ya mipaka ya wilaya kuelekea kusini-mashariki, zimetanda nyanda za majani mafupi ambazo udongo wake ni majivu ya volkano. Juu ya mawe hayo yote, karibu na mstari wa Ikweta, huwaka jua ambalo halimnyimi mtu.

Dhahabu imekwisha kuandikiwa mengi. Majivu na jua havikuandikiwa sana, na hasa havikuandikiwa pamoja, ijapokuwa elimu ya karne hii imevifungamanisha kwa jina moja, nalo ni perovskaiti. Historia ya jina hilo yastahili kufuatwa tangu mwanzo wake, kwa sababu ndani yake limo fundisho ambalo Tarime imelinunua kwa bei kubwa: ya kuwa jiwe huulizwa maswali mawili, litatoa nini na litaacha nini, na ya kuwa msiba huanza pale swali la kwanza liulizwapo peke yake.

Yafaa kuanza na majivu. Mashariki ya nyanda za Serengeti husimama milima ya volkano, miongoni mwayo Kerimasi, uliozimika zamani, na Ol Doinyo Lengai, ambao jina lake kwa Kimasai ni Mlima wa Mungu na ambao ungali hai. Lengai hauna mwenzake duniani. Ndio volkano pekee ambayo watu wa zama hizi wameiona ikitoa lava ya magadi, nyeusi itokapo na nyeupe baada ya kukutana na unyevu wa hewa. Pepo za mashariki zilipeperusha majivu ya milima hiyo kwa maelfu ya miaka, yakatua nyandani, yakafanya udongo wenye chumvi na chokaa ambao huotesha majani mafupi yenye lishe kubwa. Nyumbu huyafuata majani hayo wakati wa mvua ili kuzaa huko. Kiangazi kiingiapo hugeuka magharibi na kaskazini, wakipita pande za Grumeti na Ikoma hadi kuuvuka mto Mara. Hivyo mtu wa Ikoma au wa Nata amwonapo nyumbu akipita, huyaona majivu ya volkano yaliyogeuka nyama.

Katika miamba ya Kerimasi, na katika baadhi ya lava ngumu za Lengai, wachunguzi wa madini wameona punje ndogo za perovskaiti. Kwa macho si kitu. Haina mng'ao wa dhahabu wala haina soko la sonara. Imefanywa kwa kalsiamu, titani na oksijeni, na huonekana vilevile katika miamba ya kimberlaiti, ambayo ni jamaa ya mwamba uliozaa almasi za Mwadui huko Shinyanga. Punje hizo haziwezi kuwasha taa, na anayezikusanya kwa tamaa ya umeme atapoteza siku zake. Lakini ramani ya nyumba iliyomo ndani ya punje hizo ndiyo iliyokuja kuwashughulisha wataalamu wa dunia nzima.

Jina lilitoka mbali. Katika mwaka wa 1839 Gustav Rose, mtaalamu wa madini wa Berlin, alieleza jiwe lililopatikana katika milima ya Ural huko Urusi, akaliita kwa jina la Lev Perovski, mtu mkubwa wa serikali ya Urusi aliyependa kukusanya madini. Kwa miaka mingi jiwe hilo lilikaa katika makabati ya majumba ya makumbusho, likiwa na kibandiko chake na vumbi lake. Thamani yake ilidhihirika polepole, nayo haikuwa katika vitu vilivyomo bali katika jinsi vilivyopangwa. Katika mwaka wa 1926 Victor Goldschmidt, aliyekuwa akifanya kazi Oslo, aliueleza mpango huo na masharti yake. Chembe moja kubwa hukaa katikati ya chumba cha mraba. Katika pembe nane za chumba hukaa chembe za namna ya pili. Na kila moja ya hizo za pembeni imezungukwa na chembe sita za namna ya tatu. Mfano wake ni nyumba iliyochorwa vyema. Aondoaye mawe akatia matofali amebadili ukuta, lakini nyumba hubaki ile ile maadamu ramani haikubadilika. Kwa hiyo perovskaiti ilikoma kuwa jina la jiwe moja, ikawa jina la ukoo mzima wa vitu, vingine vya ardhini na vingine vilivyotengenezwa na mikono ya watu.

Katika mwaka ule ule wa 1839, pasipo Rose kuwa na habari, kijana wa Kifaransa aliyeitwa Edmond Becquerel, mwenye umri wa miaka 19, alikuwa akifanya majaribio katika maabara ya baba yake mjini Paris. Alitumbukiza vipande viwili vya metali katika maji ya asidi, akavimulika kwa nuru, akaona umeme unapita. Huo ndio mwanzo wa elimu ya kugeuza nuru kuwa umeme. Jiwe na nuru vilizaliwa katika elimu mwaka mmoja, kama mapacha waliolelewa katika nyumba mbali mbali, na ilipita miaka 170 kabla ya kukutanishwa.

Wakati huo kulikuwa na elimu ya tatu iliyokwisha kuanza, nayo ni ya kupangika kwa nuru. Nuru ni wimbi, na wimbi lina upande ambao hutikisika. Mtu akifunga kamba mtini na kuitikisa kwenda juu na chini, wimbi la kamba hutikisika juu na chini. Akiitikisa kulia na kushoto, hutikisika kulia na kushoto. Nuru ya jua hutikisika pande zote kwa pamoja bila mpango. Lakini ikipita katika fuwele za namna fulani, au ikigonga kioo au maji kwa mshazari, hutoka ikiwa imepangwa upande mmoja. Mpango huo ndio uitwao polaraizesheni. Katika mwaka wa 1808 Étienne-Louis Malus alitazama kwa kipande cha fuwele nuru ya jua iliyokuwa ikirudishwa na madirisha ya jumba la Luxembourg mjini Paris; akakizungusha kipande mkononi, na nuru ikawa inakolea na kufifia. Akatambua ya kwamba madirisha yamekwisha kuipanga nuru kabla haijalifikia jicho lake.

Baada ya Malus alikuja Michael Faraday wa London, mtoto wa mhunzi, ambaye aliamini moyoni ya kuwa nguvu zote za maumbile zina undugu. Katika miaka ya 1820 alikuwa amepewa kazi ya kutengeneza vioo bora vya darubini, na miongoni mwa vioo alivyotengeneza kimoja kilikuwa kizito kupita kiasi kwa sababu ya wingi wa risasi iliyomo, yaani ile metali nzito ya kijivu. Kioo hicho hakikufaa sana kwa kazi iliyokusudiwa, kikawekwa. Tarehe 13 Septemba, 1845, Faraday alikiweka kando ya sumaku yenye nguvu, akapitisha ndani yake nuru iliyopangwa, akaona ya kuwa sumaku imeuzungusha mpango wa nuru. Kwa mara ya kwanza ilithibitika ya kuwa sumaku na nuru zajuana. Na yafaa kukumbukwa, kwa ajili ya yatakayofuata, ya kwamba aliyewajulisha alikuwa risasi.

Nchi ya Serengeti nayo ina mahali pake katika habari za mawe na sumaku. Katika mwaka wa 1963, Sherman Grommé na Richard Hay walitoa matokeo ya kuipima sumaku iliyohifadhiwa katika lava ya tabaka la chini la Bonde la Olduvai, lililo pembezoni mwa nyanda hizo za majivu. Lava ikipoa huyashika maelekezo ya sumaku ya dunia ya siku hiyo, na kuyaweka kama wosia. Katika zama zile za kale sumaku ya dunia ilikuwa kwa muda mrefu imepinduka, hata dira kama ingalikuwako ingalielekea kusini. Lakini lava ya Olduvai ilishuhudia kipindi kifupi ambacho sumaku ilirudi kama ilivyo leo. Kipindi hicho, cha tangu miaka kama milioni 1.95 hata milioni 1.77 iliyopita, huitwa Olduvai katika vitabu vya jiolojia duniani kote. Jiwe la Tanganyika liliulizwa kwa sumaku, likajibu, na jibu lake likawa kipimo cha wakati kwa mataifa yote.

Sasa historia yarudi kwa risasi. Katika mwaka wa 1893 Horace Wells, mkemia wa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, alieleza chumvi zilizofanywa kwa seziamu, risasi na jamaa za klorini. Hakujua ramani yake. Katika miaka ya 1950 Christian Møller wa Denmark alizichunguza, akaona ya kwamba ramani ya chumvi hizo ni ile ile ya jiwe la Ural, na ya kwamba nuru ikizipiga hupitisha umeme vizuri zaidi. Katika mwaka wa 1978 Dieter Weber huko Ujerumani aliiondoa seziamu katikati ya chumba, akaweka mahali pake molekuli ndogo ya methilamoniamu, iliyofanywa kwa kaboni, naitrojeni na haidrojeni. Ndipo kikapatikana kitu chotara: kuta zake za madini, na mkaaji wa ndani wa ukoo wa vitu vyenye uhai. Mwishoni, katika mwaka wa 2009, Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani walikitumia kitu hicho katika seli ya kugeuza nuru kuwa umeme. Mapacha wa mwaka wa 1839 wakakutana.

Mwanzo ulikuwa mdogo. Seli ya mwaka wa 2009 iligeuza chini ya sehemu 4 katika 100 za nguvu ya nuru, nayo iliharibika upesi. Walakini katika mwaka wa 2012 zilifika karibu na 10, na leo seli za maabara zimepita 25, na zikiwekwa juu ya silikoni zimepita 30. Silikoni ilichukua zaidi ya nusu ya karne kupanda ngazi ambayo perovskaiti imeipanda katika miaka kumi na kidogo. Tena, silikoni huhitaji tanuri la joto kali sana, na perovskaiti hii yaweza kuyeyushwa katika dawa na kupakwa juu ya kioo kama rangi, kwa joto la jiko la kuokea mikate. Kuanzia mwaka wa 2024 paneli za kwanza zilizochanganya vitu hivyo viwili zimeanza kuuzwa.

Wenye elimu walistaajabu: kitu kilichopakwa kwa urahisi namna hii, chenye kasoro nyingi ndani yake, kwa nini kinafanya kazi vizuri hivi? Ili kupata jibu walikiuliza kwa nuru na kwa sumaku, na majibu mawili yastahili kuelezwa.

Jibu la kwanza lahusu umeme wa ndani. Nuru iingiapo katika fuwele huing'oa elektroni mahali pake, na mahali palipoachwa wazi huitwa tundu. Elektroni na tundu zikitenganishwa, umeme hupatikana. Zikirudiana, nguvu ya nuru hupotea kwa kung'aa au kwa joto. Katika silikoni kuta za nyumba hutulia wakati mambo hayo yakitendeka. Katika perovskaiti ya risasi nyumba yenyewe hucheza. Molekuli ya methilamoniamu, ambayo ncha zake mbili hazilingani kwa chaji, hugeuka geuka chumbani mwake. Na chembe za iodini huhama kutoka nafasi moja hadi nyingine, na chini ya nuru huhama kwa wepesi zaidi. Hivyo chaji chanya hukusanyika upande huu na chaji hasi upande ule, na kitu kizima hupata mwelekeo wa umeme ambao hakikuwa nao gizani. Jambo hilo nalo huitwa polaraizesheni, ila si ya nuru bali ya jiwe lililopigwa na nuru.

Tabia hiyo ina faida na ina udanganyifu. Katika mwaka wa 2014 Henry Snaith wa Oxford pamoja na wenzake walitangaza ya kuwa seli hizo zikipimwa kwa kupandisha volti hutoa jibu moja, na zikipimwa kwa kuishusha hutoa jibu jingine. Seli hukumbuka ilivyotendewa dakika iliyopita. Maana yake ni nzito kwa mnunuzi aliye mbali na maabara: kipimo cha haraka chaweza kuipa seli sifa ambayo haitaionyesha ikiwa juani mchana kutwa. Tangu hapo wataalamu waaminifu hudai seli ipimwe kwa muda, ikiwa kazini, kabla ya kutangaziwa namba yake.

Jibu la pili lahusu sumaku. Kila elektroni, na kila tundu, ni kama sumaku ndogo mno yenye mzunguko wake, uitwao spini. Elektroni na tundu zikiwa jozi, spini zao zaweza kulingana au kupingana, na hali moja huruhusu jozi kurudiana na kung'aa, na nyingine huizuia. Katika mwaka wa 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah huko Marekani, wakiongozwa na Valy Vardeny, waliweka seli za perovskaiti katika uga wa sumaku wakaona umeme wake na mng'ao wake vinabadilika kidogo. Walilieleza jambo hilo hivi: elektroni na tundu hazizunguki kwa mwendo mmoja ndani ya uga wa sumaku, moja hutangulia na nyingine huchelewa, na kwa kupishana huko jozi hubadilika kutoka hali moja hadi nyingine. Mabadiliko ni madogo, lakini kupitia kwayo mtu aweza kujua siri ya jozi ambazo hakuna jicho liwezalo kuziona.

Mwaka huo huo, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang, Singapore, watafiti walitumia nuru iliyopangwa kwa namna ya kuzunguka kama parafujo. Nuru ya namna hiyo ikiingia katika perovskaiti huzipanga spini za elektroni upande mmoja, na kitu kisicho cha sumaku hufanana kwa kitambo na sumaku. Kitambo hicho ni kifupi kuliko lugha iwezavyo kusema, sehemu chache tu za sekunde moja iliyogawanywa mara milioni milioni. Katika mwaka wa 2017 watafiti wa Utah walionyesha ya kuwa katika baridi kali mpango huo waweza kudumu mara mamia ya muda huo. Kisababishi cha mambo hayo ni kile kile kilichokuwamo katika kioo cha Faraday. Kiini cha risasi kina chaji 82, na elektroni ipitayo karibu nacho hukimbia kwa kasi kubwa mno, hata mwendo wake na spini yake hufungamana. Kwa ajili ya kufungamana huko nuru yaweza kuiamuru spini, na sumaku yaweza kuigusa nuru.

Kwa hiyo risasi ni moyo wa kitu hiki. Watafiti wamejaribu kuiondoa na kuweka bati mahali pake. Bati huharibiwa upesi na hewa, na seli zake hazijafikia nguvu za seli za risasi. Na risasi ni sumu. Huharibu akili za watoto, na hakuna kiasi chake ndani ya damu ambacho waganga wamekithibitisha kuwa salama. Perovskaiti ya risasi ikipata maji huvunjika, na katika mabaki yake kuna chumvi ya risasi ambayo maji yaweza kuichukua.

Hapo ndipo historia ya fizikia inapokutana na historia ya Tarime. Wachimbaji wadogo wa Nyamongo walichimba dhahabu kwa sururu na kuikamata kwa zebaki, na zebaki hiyo nayo iliingia hewani na mitoni. Katika mwaka wa 2002 mgodi mkubwa wa North Mara ulianza kutoa dhahabu. Miamba ya namna ile huwa na dhahabu pamoja na madini ya salfa. Yakiwa chini ya ardhi hayadhuru, lakini yakifukuliwa na kukutana na hewa na maji hufanya asidi, na asidi huyeyusha metali zilizomo katika mwamba. Katika mwaka wa 2009 maji ya asidi yalivuja kutoka mgodini hadi mto Tigithe, ambao wanavijiji waliutegemea kwa maji na mifugo na ambao huenda kuungana na mto Mara. Miaka kumi baadaye, katika mwaka wa 2019, serikali iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliohusu bwawa la mabaki.

Elimu ya asidi ya migodi haikuwa ngeni katika miaka hiyo; ilikuwamo vitabuni zamani sana. Jiwe la Nyamongo lilikuwa tayari kujibu swali la pili kama lilivyojibu la kwanza. Lililokosekana ni mwenye sauti wa kuliuliza mapema, na kukataa kuendelea mpaka ajibiwe. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Huko Tarime majuto yalikuja yakiwa mtoto, kabla hata wazazi hawajazeeka.

Lakini yafaa kupima kwa haki, kwa maana hofu isiyopimwa nayo ni ujinga. Seli ya perovskaiti ni utando mwembamba kuliko unywele, na risasi iliyomo katika mita moja ya mraba ni kama gramu moja au chini yake. Betri ya gari, ambayo watu wengi wa vijijini huitumia kuhifadhia umeme wa jua, ina kilo kadhaa za risasi hiyo hiyo, na hupasuliwa na mafundi nyuma ya nyumba bila ya mtu kushtuka. Kwa hiyo haifai mtu kusema ya kuwa kitu kipya ni sumu na vya zamani ni salama. Wala haifai kuusahau upande mwingine wa mizani. Koroboi imewasomesha watoto wengi wa Kikuria, wa Ikoma na wa Ngoreme, na imewatia moshi vifuani na moto nyumbani. Paneli za silikoni ziuzwazo leo Tarime, Sirari na Mugumu zimepunguza madhara hayo, na kitu ambacho chaweza kuzifanya ziwe na nguvu zaidi kwa bei nafuu zaidi si kitu cha kukimbiwa.

Fundisho, basi, halielekei kwenye kukataa, bali kwenye kuuliza kwa ukamilifu. Perovskaiti ina bahati ambayo dhahabu ya Nyamongo haikuwa nayo: imeulizwa kwa nuru, imeulizwa kwa sumaku, imepindwa na kupimwa katika maabara nyingi kabla haijafika kijijini. Lakini maabara nyingi za namna hiyo ziko mbali na Mara. Hazijui mvua za vilima vya Tarime, zinyeshazo kwa nguvu mchana wenye joto. Hazijui vumbi lenye magadi litokalo nyanda za mashariki. Hazijui safari ya paneli iliyovunjika, ambayo haendi kiwandani bali huenda shimoni nyuma ya zizi. Maswali hayo hayawezi kuulizwa na mtu wa Utah wala wa Singapore kwa niaba ya mtu wa Mugumu.

Wako wa kuyauliza. Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imeshughulika kwa miaka mingi na vifaa vya nishati ya jua, na Taasisi ya Nelson Mandela iko Arusha, siku moja ya safari kutoka nyanda hizo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka wa 2004 yataka madhara ya miradi mikubwa yapimwe kabla haijaanza. Lililobaki ni kuunganisha viungo hivyo: kwamba paneli ya namna mpya ipimwe kwa mwaka mzima juu ya paa la shule ya Tarime, kivunjwe kioo chake kimoja na maji ya mvua yaliyopita juu yake yapimwe risasi, na muuzaji aandike, kabla ya kuuza, ni nani atakayeichukua paneli ikifa.

Kioo kizito cha Faraday kilikaa miaka mingi pasipo kazi, nacho kilikuwa na jibu ndani yake siku zote. Kilingoja swali tu. Punje za Kerimasi zilingoja, na lava ya Olduvai ilingoja zaidi kuliko zote. Mawe ni wavumilivu. Watu wanywao maji ya Tigithe hawana miaka ya mawe ya kungoja, na kwa hiyo, katika habari ya jiwe hili jipya, swali la pili halina budi kuulizwa siku moja na la kwanza.